Sinthi za Zamani Zilizomo Ndani ya FL Studio: Mwongozo wa Kuzitumia Kabla Hujatafuta Nyingine

Ile besi ya amapiano inayogonga kama gogo, ambayo miaka ya karibuni imeingia hadi kwenye bongo fleva, ilitoka kwenye plagini ndogo, yaani programu inayofanya kazi ndani ya nyingine, iitwayo Fruity DX10. Plagini hiyo inakuja ndani ya FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki. Sura yake ni ya kizamani, vitufe vyake ni vichache, na maprodyuza wengi waliipita kwenye orodha bila kuifungua. Prodyuza wa Afrika Kusini anayejulikana kama MDU aka TRP ndiye anayetajwa na wengi kwamba aliichukua preseti (mlio ulioandaliwa tayari) ya Log Drum iliyokuwemo humo akaifanya iwe moyo wa biti nzima. Leo vijana wanahangaika kupakua mafurushi ya sampuli za log drum, na chanzo chenyewe kimekaa kwenye kompyuta zao tangu siku walipoweka programu.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini kwenye utengenezaji wa muziki tunafanya hivyo kila siku. Prodyuza anaanza leo, na kesho yake anatafuta sinthi (ala za kompyuta za kuunda milio) kubwa za gigabaiti nyingi, mara nyingi za wizi zilizovunjwa ulinzi, zinazokuja na virusi na kuifanya laptop ya RAM ya GB 4 ipumue kwa shida. Sinthi zilizokuja na programu anaziita za watoto. Mimi naamini hizo ndizo za kuanzia, na kwa kazi nyingi zinatosha hadi wimbo unapokwenda redioni.

FL Studio ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, chini ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ikachukua jina la sasa mwaka 2003. Sinthi zake za mwanzo ziliandikwa kwa ajili ya kompyuta za wakati ule, zilizokuwa na RAM ya megabaiti 128 au 256. Kwa sababu hiyo hata mashine dhaifu ya leo inaweza kuzibeba kumi kwa pamoja bila kukwama. Faida ya pili haisemwi sana: kwa kuwa zimo ndani ya programu yenyewe, zinaelewa mambo ya piano roli (dirisha la kuchorea noti) ambayo plagini nyingi za nje haziyaelewi. Nitaionyesha kwenye hatua ya pili.

Nimetumia FL Studio kwa sababu ndiyo iliyoenea sana kwenye studio za nyumbani huku kwetu. Wanaotumia programu nyingine kama Logic, GarageBand na Reason nimewawekea neno mwishoni.

Maandalizi

Fungua mradi mtupu. Nenda kwenye mipangilio ya sauti uweke bafa (akiba fupi ya sauti inayoipa kompyuta muda wa kufanya kazi) kwenye sampuli 512. Kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kuchelewa kwa takriban milisekunde 12, kiasi ambacho kidole hakikioni sana, na kompyuta haitapata tabu. Andaa hedifoni zozote unazoziamini, na weka simu yako karibu. Simu utaihitaji kweli, kwa sababu wasikilizaji wengi wa muziki wako watausikia kwanza kwenye spika ya simu.

Kama unatumia toleo la majaribio, fahamu kwamba linakuruhusu kutoa wimbo uliokamilika, ila mradi uliouhifadhi haufunguki tena mpaka ununue. Ukishanunua, masasisho yote ya baadaye ni bure. Kwa anayepanga kufanya kazi hii kwa miaka, huo ni mpango mzuri kuliko kununua plagini tatu za nje.

Hatua ya 1: Sikiliza mawimbi yakiwa matupu

Weka 3x Osc kwenye orodha ya chaneli. Jina lake linajieleza: ina oscileta tatu, yaani vizalishaji vitatu vya mawimbi ya sauti, na kila moja ina umbo lake la wimbi na namna yake ya kupanda na kushuka. Ukipeleka mshale juu ya kitufe chochote, jina lake na thamani yake vinatokea kwenye kibao cha vidokezo juu kushoto. Zoea kukisoma kibao hicho. Kitakufundisha zaidi ya video nyingi.

Shusha ujazo wa oscileta ya pili na ya tatu hadi sifuri. Sasa unasikia ya kwanza peke yake. Piga noti moja ya katikati, uishikilie, kisha badilisha umbo la wimbi huku ukisikiliza.

Wimbi la saini (kwa Kiingereza sine) ni noti safi isiyo na kitu kingine juu yake. Wimbi la msumeno ni kinyume chake: ukipiga noti ya Hz 110 (mitikisiko 110 kwa sekunde), ndani yake mna 220, 330, 440 na kuendelea juu, kila moja ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo linakwaruza na lina nguvu. Wimbi la mraba linaruka namba shufwa, linabeba 110, 330, 550 tu, na sikio linasikia kitu chenye uwazi ndani, kama zumari. La pembetatu nalo linabeba zile zile za mraba, lakini zinafifia haraka mno: ile ya 330 inakuwa sehemu moja ya tisa tu ya noti ya msingi. Ndiyo maana pembetatu inafaa kwa besi tulivu na filimbi.

Usiharakishe hapa. Kaa na mawimbi haya hadi uweze kufumba macho na kulitaja lililopo. Karibu kila sinthi ya gharama unayoisikia ikisifiwa imejengwa juu ya haya haya, na aliyeyazoea anasikia wimbo wa mtu mwingine na kujua mlio ule umeanzia wapi.

Ukishayajua, rudisha oscileta ya pili, weka zote mbili kwenye msumeno, kisha sogeza ya pili juu kwa senti 10. Senti ni sehemu ya mia ya nusu-toni. Utasikia mlio ukianza kutikisika na kupanuka. Hesabu yake inafaa kuijua. Noti ya Hz 440 na ile iliyosogezwa senti 10 zinatofautiana kwa takriban Hz 2.5, kwa hiyo mlio unapanda na kushuka mara mbili na nusu kila sekunde. Inapendeza. Lakini fanya hivyo hivyo kwenye besi ya Hz 55, na tofauti inakuwa ndogo kiasi kwamba mlio unachukua kama sekunde tatu kupanda na kushuka mara moja. Maana yake baadhi ya noti zako za besi zitagonga kwa nguvu na nyingine zitakuja zikiwa zimenyong'onyea, nawe utalaumu spika. Besi iache bila kuisogeza senti. Upana upeleke kwenye sauti za juu.

Hatua ya 2: Besi inayosikika kwenye simu

Kwenye 3x Osc ile ile, weka oscileta ya kwanza kwenye saini. Ya pili iweke kwenye mraba, oktava moja juu ya ya kwanza, yaani nusu-toni 12, na uishushe ujazo hadi iwe unaihisi tu bila kuisikia waziwazi. Ya tatu izime.

Sababu ya mraba ule mdogo ni hii. Spika ya simu haitoi karibu chochote pale chini kwenye Hz 50 au 60. Besi ya saini tupu itatikisa gari la mtu mwenye spika kubwa, halafu ipotee kabisa kwa mtu aliyeko kwenye daladala na simu mkononi. Ukiongeza masafa machache ya juu yenye uhusiano na noti ya msingi, ubongo unajaza wenyewe pengo la chini na kusikia besi ambayo spika haijaitoa. Cheza kwenye simu, zima mraba, washa tena, na utaelewa kwa masikio kuliko kwa maneno yangu.

Sasa fungua kichupo cha envelopu, yaani namna mlio unavyopanda na kushuka kwa muda, kwenye mipangilio ya chaneli. Utaona sehemu za Panning, Volume, Mod X, Mod Y na Pitch. Washa ya Volume. Mwanzo uwe sifuri ili noti igonge mara moja, na mwisho, yaani muda wa kufifia baada ya kuachia kidole, uwe mfupi sana bila kufika sifuri kabisa. Ukifika sifuri utasikia mkato wa "tik" kila noti inapokwisha. Kwenye filta, chagua ya kupitisha chini (inayoachia masafa ya chini na kuzuia ya juu), ushushe Mod X, yaani mpaka wa filta, taratibu hadi makali ya mraba yalainike.

Kisha nenda piano roli, na hapa ndipo ile faida niliyoiahidi. Juu ya piano roli kuna alama ndogo ya pembetatu. Ukiibonyeza, noti utakazochora zinakuwa noti za kuteleza: hazipigi sauti mpya, zinaivuta noti iliyopo hadi kwenye kimo chao. Urefu wa noti ya kuteleza ndio muda wa mtelezo. Chora besi ndefu ya noti moja, kisha katikati yake weka noti fupi ya kuteleza oktava juu, na nyingine ya kuirudisha chini. Hakikisha zote zina rangi moja, kwa sababu noti ya kuteleza inazivuta zile tu za rangi yake. Sinthi nyingi za nje, hata za bei kubwa kiasi gani, haziitikii noti hizi. 3x Osc inaitikia vizuri kabisa, na besi yako inaanza kuongea badala ya kusimama.

Chaneli hiyo hiyo inaweza pia kukupa kiki, yaani pigo zito la ngoma ya chini. Nakili chaneli, bakiza saini peke yake, washa envelopu ya Pitch, na uifanye ianzie juu na kushuka haraka. Kimo kikianguka ndani ya muda mfupi sana, sikio linasikia pigo la ngoma. Umepata kiki unayoweza kuilinganisha na ufunguo wa wimbo wako, jambo ambalo kwa sampuli ya kupakua ni kazi zaidi.

Hatua ya 3: Log drum kutoka kwenye chanzo chake

Fungua Fruity DX10. Tafuta preseti ya Log Drum kwenye orodha yake, ipige kwenye noti za chini, uisikilize. Kisha, badala ya kuitumia kama ilivyo, jenga ya kwako kuanzia mwanzo, maana log drum ya kila mtu imeshachosha masikio na inayotoka mikononi mwako itakuwa na sauti yake.

DX10 inafanya kazi kwa njia tofauti na 3x Osc. Inatumia FM, yaani oscileta moja inaitikisa nyingine kwa kasi kubwa mno, na kutikisika huko kunazaa masafa mapya. John Chowning aliigundua njia hii Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967 na akaichapisha mwaka 1973. Yamaha wakaipatia leseni, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7 ambacho mlio wake wa piano ya umeme ulitawala muziki wa muongo ule. DX10 ni mjukuu mdogo wa ukoo huo, na udogo wake ndio unaomfaa mwanafunzi: unaweza kukielewa kila kitufe chake.

Oscileta unayoisikia tuiite mbebaji. Inayoitikisa tuiite mtikisaji. Bakiza mtikisaji mmoja tu akifanya kazi, mwingine yeyote umshushe hadi sifuri. Kisha tafuta kitufe cha uwiano kati ya mtikisaji na mbebaji, ukiweke kwenye 2.

Kwa nini 2? Chukua mbebaji wa Hz 55. Mtikisaji wake atakuwa Hz 110. FM inazaa masafa kwa kumjumlisha na kumtoa mtikisaji kwa mbebaji: 55 na 110 ni 165, ongeza tena 110 unapata 275, tena 385. Ukitoa, unapata namba hasi ambazo zinarudi kwenye masafa hayo hayo. Matokeo ni 55, 165, 275, 385: zile namba witiri za wimbi la mraba, zenye uwazi wa kimbao ndani yake. Ndiyo hisia ya gogo. Na 165 na 275 ni masafa ambayo spika ndogo zinaanza kuyaweza, kwa hiyo log drum inasikika kwenye simu pale ambapo besi ya kawaida inakufa. Sidhani ilienea kwa bahati tu.

Jaribu uwiano wa 1 na utasikia kitu kinachokaribia msumeno, chenye ukali wa shaba. Jaribu 3 na kitakuwa chembamba zaidi. Ukiweka uwiano usio namba kamili, tuseme 1.4 au 3.5, masafa hayapatani tena na noti ya msingi na unapata kengele au chuma kilichogongwa. Kariri hilo: namba kamili ni muziki, namba yenye desimali ni chuma. Wakati mwingine chuma ndicho unachokitaka.

Sasa envelopu ya mtikisaji, na hapa ndipo penye kazi. Kiasi cha kuanzia kiweke juu, karibu robo tatu. Muda wa kushuka uwe mfupi. Kiwango kinachobaki baada ya kushuka kiweke chini sana au sifuri. Maana yake noti inaanza na pigo kali la mbao, "ko", halafu ndani ya muda mfupi mtikisaji ananyamaza na kinachobaki ni saini tupu ya chini, "uuum". Ukiurefusha muda wa kushuka, gogo linageuka na kuwa kama besi ya kinanda. Ukiufupisha mno, unabaki na mbofyo tu. Zungusha polepole huku noti ikijirudia, hadi usikie mahali ambapo "ko" na "uuum" zinaungana na kuwa pigo moja.

Kitufe kingine cha maana ni kile kinachounganisha nguvu ya kidole na mtikisaji. Kipandishe. Sasa noti uliyoipiga kwa nguvu inakuja na mbao zaidi, na ya kugusa inakuja laini. Kwenye piano roli, usiziache nguvu za noti zote zikiwa sawa. Amapiano inatembea kwenye BPM (mapigo kwa dakika) 110 hadi 115 hivi, kuna nafasi ya kutosha kati ya mapigo, na sikio lina muda wa kusikia kila tofauti. Weka pigo la kwanza kwa nguvu, mawili yanayofuata chini kidogo, kisha moja lililochelewa nusu hatua kwa nguvu zote. Bila tofauti hizo log drum inakuwa mashine ya kushonea.

Kwenye mixa, itilie Fruity Soft Clipper, uishushe kizingiti hadi vilele vianze kukatwa taratibu. Kukata vilele kunaongeza masafa mengine ya witiri juu ya yale yaliyopo, kwa hiyo mlio unanenepa bila kupanda sana kwenye mita. Fungua simu, sikiliza. Kama "uuum" haipo kabisa, rudi umpandishe mtikisaji kiwango kinachobaki kidogo tu.

Hatua ya 4: Nyuzi, na robo toni

Plucked! ni plagini nyingine isiyosemwa. Inaiga uzi uliochomolewa kwa kidole. Plagini za aina hii zinatoka kwenye ukoo wa njia iliyochapishwa na Kevin Karplus na Alexander Strong mwaka 1983: unachukua mlipuko mfupi wa kelele, unauzungusha kwenye kumbukumbu fupi, na kila mzunguko unaulainisha kidogo. Urefu wa kumbukumbu ndio kimo cha noti. Kwa Hz 220 kwenye kiwango cha 44,100, kumbukumbu ni sampuli 200 tu. Hakuna rekodi ya gitaa mle ndani hata moja.

Ikiwa peke yake inasikika ya plastiki. Iweke kwenye filta inayopunguza juu kidogo, punguza muda wa mlio, itilie mwangwi mfupi wa chumba, na iweke nyuma ya sauti ya mwimbaji. Hapo inafanya kazi ya udi au ganuni kwa namna ambayo msikilizaji hatauliza.

Na kama unapenda ladha ya taarabu, kuna jambo zuri zaidi. Taarabu ya Zanzibar ilichukua mengi kutoka Misri, na muziki wa Kiarabu una noti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda. Piano roli ya FL Studio inakuruhusu kuishusha noti moja moja kwa senti. Kwenye safu ya chini ya piano roli chagua kimo kidogo cha noti, ishushe noti unayoitaka kwa senti 50, na umepata robo toni kwenye noti hiyo tu bila kuzigusa nyingine. 3x Osc inalitii hili vizuri. Jaribu kwenye ngazi inayoanza D: ishushe E senti 50 chini, acha D, F na G kama zilivyo, upige polepole kupanda na kushuka. Aliyekulia pwani ataitambua njia hiyo papo hapo.

Hatua ya 5: Kodi (noti zinazopigwa pamoja) za nyuma, na hesabu ya kasi

Kwa mlio mpana wa nyuma ya wimbo, rudi 3x Osc. Misumeno mitatu: moja senti 8 juu, moja senti 8 chini, moja katikati. Filta ya kupitisha chini, Mod X chini ya nusu. Envelopu ya Volume ianze polepole na imalizike polepole. Piga noti tatu pamoja. Ni mlio wa kawaida sana, na chini ya sauti ya mwimbaji mzuri ni mlio unaotosha.

Hesabu kasi ya wimbo kabla ya kuamua mwanzo wa polepole uwe polepole kiasi gani. Kwenye BPM 90, pigo moja ni milisekunde 667. Mlio unaochukua milisekunde 150 kufunguka unapendeza. Kwenye singeli ya BPM 240, pigo zima ni milisekunde 250 na noti ya moja ya kumi na sita ni milisekunde 62.5. Mlio ule ule hautakuwa umefunguka noti inapokwisha, na utadhani umeupunguza sauti kumbe haujapata nafasi ya kusikika. Kwa singeli mwanzo uwe sifuri, mwisho uwe mfupi, na mwangwi uwe kidogo kabisa. Kwa kasi ile mwangwi unajaza kila mwanya na kugeuka ukungu.

Hatua ya 6: Miksi na kuhifadhi

Kila chaneli ipeleke kwenye njia yake ya mixa. Kwenye zote isipokuwa besi, log drum na kiki, kata chini ya Hz 120 kwa ekwalaiza. Milio rahisi ya oscileta mbili tatu inakaa kwenye miksi kwa urahisi kuliko preseti za kisasa zilizojazwa mwangwi na upana tangu kiwandani. Nyingi ya hizo zinapendeza zikiwa peke yake na kumeza sauti ya mwimbaji zikiwa ndani ya wimbo.

Hifadhi kila mlio ulioutengeneza. Kwenye menyu iliyo juu kushoto mwa dirisha la chaneli, chagua kuhifadhi preseti, na upe jina linalosema kazi yake: "besi simu mraba", "gogo uwiano 2", "uzi taarabu". Majina ya kubahatisha hayatakusaidia mwakani.

Pia toa kila njia kama faili ya WAV na uiweke pamoja na mradi. Sinthi za ndani huishi muda mrefu kuliko za nje, ila hakuna kinachodumu milele. Apple walipotoa macOS Catalina mwaka 2019, programu zote za biti 32 ziliacha kufanya kazi kwenye kompyuta zilizohamia toleo hilo, na plagini nyingi za nje ambazo hazikuhuishwa zilikwenda nazo. WAV itafunguka popote.

Kwa wanaotumia programu nyingine

Wenye Logic wana hazina kubwa zaidi. ES2, ES P, ES M na EFM1 zinatokana na Emagic, kampuni ya Ujerumani iliyoitengeneza Logic kabla Apple hawajainunua mwaka 2002. Alchemy, sinthi nyingine kubwa, ilipoingia mwaka 2015 wengi waliacha kuzifungua. ES2 ina oscileta tatu, na badala ya vitufe vitatu vya ujazo kuna pembetatu moja: unaburuta nukta ndani yake na oscileta zinachanganyika kulingana na kona uliyoisogelea. Anza nayo kwa hatua ya 1 na ya 5. Wa GarageBand mtakutana na baadhi ya milio ya ukoo huu, ila vitufe ni vichache zaidi. Wa Reason fungueni SubTractor, iliyokuwemo tangu toleo la kwanza la mwaka 2000: oscileta mbili na filta mbili, na hatua ya 2 inatekelezeka humo yote isipokuwa noti za kuteleza, ambazo utaziiga kwa portamento (kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine).

Log drum kwenye Logic ijengwe kwa EFM1. Upande mmoja kuna mtikisaji, upande wa pili mbebaji, na katikati kitufe kikubwa cha kiasi cha FM. Weka Harmonic ya mbebaji kwenye 1 na ya mtikisaji kwenye 2. Kiasi cha FM kishushe, halafu uiache envelopu ya mtikisaji ndiyo ikipandishe: mwanzo sifuri, kushuka kufupi, kinachobaki sifuri. Piga A ya chini, zungusha muda wa kushuka hadi usikie "ko" na "uuum" zikiungana.